Sanduku la Biri za Caridad

Sajenti Ofelia Spoto alikuwa ndiyo kwanza amemwagia mchuzi nyama yake ya bata mzinga, uma uko njiani kwenda mdomoni, simu ikalia. Hakuipokea. Ikakatika, ikalia tena.

"Pokea tu, mwaya," dada yake Pina akamwambia. "Tangu lini ikawa Sikukuu ya Shukrani wewe usiondoke mezani?"

"Nakula."

"Hujala. Umeshika uma."

Aliyepiga alikuwa Dobbins, askari wa doria, kijana kutoka kaskazini, mgeni Tampa, mwenye bidii ya mtu anayetaka cheo kabla ya Krismasi.

"Wizi wa biri, Afande."

"Wizi wa nini?"

"Biri. Zile nene, za kukunjwa kwa mkono. Mzee Carbonell, yule aliyekuwa na kiwanda. Kafungua sanduku lake baada ya chakula, kakuta kabadilishiwa, kawekewa za bandia. Zake ni za zamani sana, na mkwe wake anasema thamani yake inafika kiwango cha kosa kubwa. Lakini usisumbuke, mshukiwa ninaye na pingu nimeshamtia. Naomba ruhusa yako tu nimpeleke kituoni."

"Mshukiwa nani?"

"Mjukuu wake, Nestor. Katoka jela Septemba kwa masharti."

Ofelia aliweka uma chini. Masharti hayo aliyajua kama jina lake. Mfungwa aliyeachiwa mapema akilazwa ndani hata usiku mmoja kwa tuhuma mpya, anarudishwa gerezani kumalizia kifungo, iwe kesi ipo au haipo.

"Ana miaka mingapi iliyobaki?"

"Minne, Afande."

"Usimpeleke popote. Usimguse. Nakuja." Akakata simu, kisha akamtukana Dobbins kwa Kisisili, lugha ambayo bibi yake aliitumia kwa kazi hiyo zaidi kuliko nyingine.

Pina alimfungia sahani kwa foili. Ofelia akaiweka juu ya paa la gari ili atafute funguo, akazipata funguo, akaondoka. Alipofika kona ya kwanza akasikia kitu kikivingirika nyuma. Kwenye kioo aliona majogoo ya mtaani yakiikimbilia sahani yake kutoka pande zote, na ndipo hasira ilipomkaa sawasawa.

*

Nyumba ya Carbonell ilikuwa ya mbao, yenye baraza, kwenye mtaa wa zamani wa viwanda vya tumbaku. Uani moshi wa mafuta ya kukaangia ulikuwa bado unafuka. Dobbins alimpokea mlangoni, akapiga saluti, akameza.

"Unatafuna nini?"

"Hakuna, Afande."

"Dobbins."

"Wamenilazimisha. Kipande kidogo tu cha paja."

"Hii nyumba ina kesi! Mwenye kushtaki yumo humu na mshtakiwa yumo humu. Polisi akila mezani kwao, kesho mwanasheria atatuuliza tulikuja kupeleleza au kushiba." Harufu ya kitunguu saumu na machungwa machachu ilimpiga usoni, tumbo lake likanguruma mbele ya mdogo wake kazini. "Kwangu mimi ni maji tu, na wewe vilevile."

Ndani, majirani waliokuwa wamealikwa walikwisha kuaga kwa haraka ya watu wanaokwenda kusimulia. Walibaki wanne. Mzee Evaristo Carbonell alikaa mwisho wa meza kubwa, shati jeupe limepigwa pasi, sanduku la mwerezi liko mbele yake na mikono yake miwili imekaa juu ya kifuniko. Binti yake Graciela, mwenye kuendesha nyumba, alikuwa anakusanya sahani ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Mume wa Graciela, Todd, wakala wa bima aliyezaliwa Ohio, alisimama mbele ya runinga akijifanya haangalii mpira.

Na Nestor, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, alikuwa amekalishwa kwenye meza ya watoto.

Hapakuwa na watoto. Kilikuwa kile kimeza cha kukunjwa ambacho kila nyumba hukitoa siku hiyo na kukisukumia karibu na mlango wa jikoni. Magoti yake yalikuwa yamefika kifuani, mikono iko nyuma kwenye pingu. Sahani yake ilikuwa imejaa na haijaguswa. Pembeni yake ilikuwa bilauri ya maji, imejaa pomoni, wakati kwenye meza kubwa kila bilauri ilikuwa na vipande vya barafu vinavyoyeyuka.

"Nani aliyemweka hapo?" Ofelia akauliza.

"Alikuwa hapo tangu mwanzo," Dobbins akasema. "Mimi nimeongeza pingu tu."

Graciela alimletea Ofelia bilauri ya maji baridi. "Afande, angalau mihogo. Nimeichemsha kwa kitunguu saumu. Hata ukila ukiwa umesimama..."

"Asante, mama, maji yanatosha." Ofelia akapiga funda moja, akakunja uso. Maji yalikuwa na ladha ya kabati la nguo za marehemu. Akaiweka bilauri chini, akajiambia ni njaa. Waswahili walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, na yeye alishaanza kulegea hadi ulimi.

"Don Evaristo," akasema, akivuta kiti. "Nieleze taratibu."

"Nimeshamweleza huyo mtoto wako."

"Nieleze na mimi mama yake."

Mzee alishusha pumzi. "Wiki ya mwisho kabla kiwanda hakijafungwa, mimi na mke wangu tulikaa benchi moja tukakunja sanduku hili. Kila Sikukuu ya Shukrani, tukishakula, kabla ya pai, nachagua moja. Nasema mwaka huu tunashangilia kitu fulani, kisha naivuta. Caridad amefariki, mimi nimeendelea."

"Na ya mwaka huu ilikuwa ya kushangilia nini?"

Graciela aliacha kugonganisha sahani. Mzee hakugeuza shingo, alionyesha kwa kidevu upande wa meza ya watoto.

"Kurudi kwa huyo. Septemba nilisema asikanyage hapa. Nikabadili moyo, nikasema leo biri ya bibi yake nitampa yeye. Ona sasa malipo yangu."

"Ukaijuaje kuwa si yenyewe?"

"Nimekata kichwa, jani la nje likapasuka mpaka mguuni. Nikashika ya pili, imepasuka. Ya tatu, vilevile! Caridad alikunja biri miaka thelathini, haikupasuka hata moja."

"Pengine zimezeeka."

"Mimi pia nimezeeka. Nimepasuka?"

"Ulizitazama vizuri?"

"Nitazame kwa nini?" Mzee alinyanyua mikono. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, na miwani, kama kila jirani alivyojua, alikataa. "Vidole hivi vimetazama tumbaku kabla wewe hujazaliwa. Nimewasha, nimevuta, chungu kama shubiri. Nimeibiwa, binti yangu. Na katika nyumba hii mwizi anajulikana."

Nestor alikuwa anatazama sahani yake. Ofelia akainuka, akachuchumaa mbele ya kile kimeza, magoti yakalia.

"Uligusa sanduku?"

"Hapana."

"Unajua aliyeligusa?"

Kijana alichelewa kidogo. "Sina la kusema."

"Sikuulizi kesi. Nakuuliza kama mtu."

"Sina la kusema, Afande."

"Wewe unajua ukilala ndani leo kitatokea nini?"

"Najua kuliko wewe."

"Basi nisaidie, khaa!"

"Sina la kusema."

Ofelia alijiinua kwa kushika ukuta. Anayeibiwa hataki kutazama, anayeshtakiwa hataki kujitetea, na polisi wake ana mafuta kidevuni. Hivi hii ilikuwa kesi au mchezo wa kumkomoa?

*

Simu ya Todd ililia. Todd akasikiliza, akamnyooshea Ofelia kwa heshima kubwa. "Afisa wa uangalizi wa Nestor. Nilimwachia ujumbe."

"Ulimwachia ujumbe! Kabla mimi sijafika?"

"Nilidhani ndiyo utaratibu."

Afisa huyo, Bwana Hutchins, alikuwa naye mezani kwake, kelele za mpira uleule zikisikika nyuma. "Sajenti, sitaki maneno mengi leo. Mpira ukiisha natuma gari lije kumchukua."

"Sijathibitisha hata kama kuna wizi."

"Mwenye mali anasema kaibiwa?"

"Anasema."

"Basi kwangu imekwisha. Mwenye mali mwenyewe anipigie, aseme kwa mdomo wake hakuibiwa, nitalala. Si wewe, si mkwe. Yeye."

Ofelia alitazama runinga. Robo ya mwisho ya mchezo ilikuwa imeanza. Akamrudishia Todd simu, kisha akaiwahi tena kabla hajaiweka mfukoni.

"Wewe ulijuaje thamani ya biri hizo?"

Todd akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. "Mimi ni mtu wa bima. Kazi yangu ni kujua thamani."

"Zimekatiwa bima?"

"Bado."

"Ulimwonyesha nani?"

"Mfanyabiashara mmoja. Picha tu! Mwezi uliopita, mzee akiwa amelala. Akasema nimpelekee aone, baada ya sikukuu."

Mzee Evaristo alikuwa na macho mabovu, lakini masikio yake hayakuwa na kasoro. "Ulifungua sanduku langu?"

"Nilipiga picha, baba. Sikugusa hata moja."

"Ulitaka kuziuza!"

"Nilitaka kujua, kama siku moja... Mungu apishe mbali..."

"Mungu apishe mbali nini? Nife?"

"Ningekuwa mwizi ningeita polisi?" Todd alimgeukia Ofelia kama mtu anayeomba mwamuzi.

"Nusu ya wezi niliowakamata ndio walioniita," Ofelia akasema. "Nipe picha."

Kwa muda alimtaka sana Todd awe ndiye. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mnunuzi, na alikuwa na tabia ya kusema "utaratibu". Alikuza picha kwa vidole. Sanduku wazi, biri zimepangwa safu mbili, na ile ya kwanza kushoto ilikuwa na doa jeusi shingoni, la umbo la harage.

Akafungua sanduku lenyewe. Ya kwanza kushoto haikuwa na doa. Akazipitia moja moja bila kuzigusa. Ile yenye doa la harage ilikuwa katikati.

Ofelia akalinganisha tena na picha. Mwizi anayebadilisha biri anachukua zote, hairudishi moja yenye doa na kuihamisha mahali. Aliyefanya hivi alizitoa na kuzirudisha, na aliporudisha hakukumbuka mpangilio.

"Dobbins. Kitambaa cheupe. Na osha mikono kwanza, nakuomba."

Wakatandika kitambaa mezani, kati ya sinia la bata mzinga na bakuli la maharage meusi. Ofelia akazitoa biri moja moja, akazilaza. Kila aliyoilaza iliacha vumbi laini la kahawia, na ubavuni mwake kulikuwa na vitundu vya duara, vidogo kama vya sindano. Kwenye kona ya sanduku alikuta vidudu viwili, vikavu, vimekunja miguu.

Shangazi yake Ofelia alikunja biri mpaka vidole vikapinda, na watoto wa mtaa ule walimjua mdudu wa tumbaku kabla hawajajua kusoma. Akamwekea mzee mdudu mmoja kiganjani.

Evaristo akamsugua kwa kidole gumba. Uso ukamshuka.

"Ndani ya sanduku langu?"

"Ndani ya sanduku lako. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee."

"Bandia na chafu pia!"

"Subiri. Shika hii. Sikia kitundu. Sasa shika na ya pili, yenye kitundu ubavuni. Zilaze pamoja."

Mzee akashika. Alikuwa anataka kubishana, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kazi bila yeye. Vilizungusha biri, vikaitoa, vikachukua nyingine, vikazungusha tena, kitundu kikakutana na kitundu. Ofelia akampa kijiti cha kuchokolea meno. Kikaingia kwenye biri ya kwanza, kikatokea kwenye ya pili. Mzee akaongeza ya tatu. Kijiti kikapita. Akairudisha safu nzima ndani ya sanduku, akaitafuta sakafu ya mwerezi kwa ncha ya kijiti, na hapo pia palikuwa na kishimo, mahali palepale.

"Mdudu hali biri ya nyumba ile akamalizia ya nyumba hii," Ofelia akasema. "Anatoboa moja kwa moja, jirani kwa jirani. Hizi zimelala pamoja, humu, muda mrefu. Ni zenyewe, Don Evaristo. Hakuna aliyekuibia hata moja."

Mzee aliipitisha ile biri chini ya pua yake, akaishika kwa kiganja kizima.

"Lakini zimepasuka," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Za Caridad hazipasuki."

"Ndiyo nakuuliza wewe fundi. Tumbaku nzuri inapasuliwa na nini?"

"Baridi," akasema. Ilimtoka kama jibu la darasani. "Ukiona mdudu unaziweka kwenye friza, afe na mayai yake. Halafu unazihamishia kwenye friji, zipumue. Halafu ndiyo unarudisha sandukuni. Ukizitoa kwenye barafu ukaziingiza kwenye joto moja kwa moja, jani la nje..."

"Na nani katika nyumba hii anayajua hayo?"

"Niliowafundisha."

"Nani na nani?"

"Mwanangu marehemu, baba yake huyo." Kidevu kikaelekea tena kwa Nestor. "Hakupata muda wa kumfundisha mwanawe. Na Graciela."

Kiti cha Graciela kilikuwa kitupu. Ofelia alichukua bilauri yake, barafu imebaki vipande vidogo, akainusa. Lo! Haikuwa njaa wala ulimi kulegea. Maji yalikuwa yananuka tumbaku.

*

Graciela alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Ofelia akampita, akafungua friza. Ndoo ya aiskrimu ya vanila ilikuwa imejaza nafasi yote. Pembeni kulikuwa na trei ya barafu. Akang'oa kipande, akakiweka juu ya kiganja cha Graciela kilichojaa povu.

"Nusa."

Graciela hakunusa.

"Mumeo hakulalamika chai yake ya barafu inanuka?"

"Nilimwambia ni trei mpya."

"Sasa niambie mimi."

Graciela alifunga bomba. "Nilikuwa napangusa vumbi. Nikaona unga wa kahawia chini ya sanduku, nikajua. Zingeliwa zote, Afande! Nikazitia kwenye mfuko wa mkate, nikazificha nyuma ya mahindi. Nilitaka kufuata kama alivyonifundisha, hatua kwa hatua, asijue kabisa. Halafu asubuhi ya leo Todd karudi na hiyo ndoo. Nimemwambia tununue ndogo. Ndogo! Sikuwa na pa kuiweka, friji ina pai mbili na bata mzinga analowa, nikasema basi, nikazirudisha sandukuni hivyohivyo. Jiko lote lilikuwa linawaka."

"Kwa sababu ya aiskrimu."

"Ilikuwa inayeyuka."

Ofelia alifumba macho, akayafumbua. "Mama. Baba yako alipopiga kelele kaibiwa, ulikuwa umekaa wapi?"

"Mkono wake wa kulia."

"Ungeweza kusema."

"Wewe humjui! Mama alipofariki nilipangusa kifuniko tu, kifuniko, hakunisemesha kuanzia Pasaka mpaka mvua zikaisha. Nikasema ngoja apoe kidogo. Mara kamtaja Nestor. Mara Todd kashika simu. Mara polisi huyu hapa. Kila nikifungua mdomo, jambo limeshakuwa kubwa kuliko mdomo wangu."

"Ulikuwa useme lini?"

"Kesho. Baba akishapoa."

"Kesho!" Ofelia alisahau kuwa yuko jikoni kwa watu. "Mtoto wa kaka yako angekuwa gerezani kesho, mama! Miaka minne, ili baba yako asikununie! Jamani, nyumba hii mna nini? Twende. Sasa hivi. Futa mikono."

Graciela alisema yote akiwa amesimama, aproni bado kifuani, mbele ya sanduku. Hakulia na hakujitetea. Mpira ulikuwa umebakiza dakika za mwisho na Todd, kwa mara ya kwanza, alizima runinga.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulifungua sanduku la mama yako," akasema.

"Mzee!" Ofelia alipiga meza, vijiko vikaruka. "Sanduku? Bado tuko kwenye sanduku? Huyu kafanya kosa kukuficha, sawa, mtamalizana. Lakini nani aliyenyoosha kidole mbele ya majirani akasema mwizi anajulikana? Graciela? Mdudu?" Akabonyeza namba ya Hutchins, akaweka simu mbele yake. "Anataka kusikia neno la mwenye mali. La kwako. Gari linakuja."

"Mwambie wewe."

"Langu hataki."

"Graciela amwambie, ndiye aliyeharibu."

"La Graciela hataki."

"Hallo?" simu ikasema. "Nani huyo? Hallo?"

Evaristo aliitazama simu kwa macho yasiyoiona. Vidole vyake vilirudi kwenye biri moja, vikaizungusha. Ofelia alihesabu kimoyomoyo ili asiseme neno, akakuta anahesabu kwa Kisisili.

"Naitwa Evaristo Carbonell," mzee akasema mwishowe. "Hakuna kilichoibwa kwangu."

"Una uhakika, bwana? Mkwe wako alisema..."

"Mkwe wangu alisema niliyosema mimi. Mjukuu wangu hakuiba kitu. Nimemsingizia. Nimekaa mezani, siku ya kushukuru, nimemsingizia mtoto wa mwanangu mbele ya watu. Umesikia, au nirudie?"

Hutchins alikohoa. "Nimesikia. Narudisha gari. Sikukuu njema." Akakata.

Graciela akarudi jikoni, akaanza kuosha vyombo. Mzee akavuta sanduku, akaanza kuzipitia biri zote kwa vidole, kichwa hadi mguu, anaiacha hii anashika ile. Nyingi zilikuwa zimechanika. Akafika moja, akaipitia mara mbili, akaitoa. Hiyo ilikuwa nzima. Akainuka kwa kushika meza, akapapasa njia mpaka kwenye meza ya watoto, akamnyooshea mjukuu wake.

Nestor hakuipokea. Mzee akangoja, mkono hewani.

"Babu," Nestor akasema. "Nina pingu."

"Dobbins!" Ofelia alifoka.

Dobbins alitokea jikoni mashavu yamejaa, akatafuta ufunguo mfuko wa kwanza, mfuko wa pili, akaupata kwenye wa kwanza. Nestor alisugua vifundo vya mikono, akaipokea biri kwa mikono miwili.

"Iwashe," mzee akasema.

"Mimi sivuti, babu."

"Huvuti?"

"Sijawahi."

"Carbonell havuti tumbaku!" Mzee alikuwa kama mtu aliyeibiwa kwa mara ya pili siku hiyo. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

Mzee alisimama pale, akajaribu kukasirika, ikashindikana. Akavuta kiti kidogo cha watoto, akakaa kando ya mjukuu wake, magoti yao yakagusana. "Basi ishike tu," akasema.

Ofelia aliona kesi imekwisha, na kwa kuwa imekwisha, sheria yake ya kutokula nayo imekwisha. Aligeukia sinia la bata mzinga. Palikuwa na mifupa. Aligeukia bakuli la mihogo. Palikuwa na mafuta na kitunguu saumu kimoja. Alimgeukia Dobbins, ambaye alikuwa anautazama ukuta kwa makini makubwa.

"Kaa hapa, Afande," Nestor akasema. Alikuwa ameivuta sahani yake ambayo haijaguswa, anaigawa kwa uma: nyama nusu huku, wali na maharage nusu huku. Akaisogeza katikati ya kile kimeza. "Imepoa, lakini ni safi. Ila hayo maji usiyanywe."

Ofelia alikuwa ameshakaa, uma uko mkononi. Akaitazama bilauri ya kijana, imejaa mpaka juu, haina hata kipande kimoja cha barafu. Haikuwa nacho tangu alipoingia mlangoni.

"Ulijua," akasema polepole.

"Jana nilikwenda kuchota barafu, nikauona mfuko wa biri nyuma ya mahindi."

"Na ukakaa kimya? Na pingu nyuma? Nimekuuliza mara tatu, mwanangu, nimepiga magoti mbele yako!"

Nestor aliigeuza ile biri vidoleni, hajui inavyoshikwa.

"Septemba babu alisema nisikanyage hapa," akasema. "Aliyenifungulia mlango ni shangazi."

Ofelia akala. Jikoni, sauti ya vyombo ilikuwa imekatika.